Uzito wa Nyota Isiyoonekana

Zaina,

Habari za sweta, dawa za malaria na namba ya simu ya shangazi yako wa Nairobi nimezisema tangu Jumatatu, mpaka umeanza kunimalizia sentensi kabla sijafika mwisho. Sitaziandika tena. Uko chumbani, binamu zako wanakusuka, nasikia mnacheka. Mimi nimekaa mezani na peni niliyoichukua kazini, nataka kukuandikia mambo ambayo nikiyasema kwa mdomo nitalia, na wewe utalia, na nywele hazitaisha.

Najua utacheka Kiswahili changu cha barua. Huwa unaniambia kwamba nikizungumza ni mtu wa hapa Buyenzi, nikiandika ni mtu wa Kigoma. Ndiko nilikosomeshwa. Mkono wangu haujui kuandika namna nyingine.

Nianze na baba yako, maana wewe huniulizi habari zake, na najua huniulizi kwa kunihurumia.

Rajabu alikuwa dereva wa lori la depo moja kule Zone Industrielle, kwenye viwanda. Alipandisha chumvi na sabuni milimani, akashuka na maharage na viazi. Vita vilipoanza, madereva wengi waliacha ile njia. Yeye alisema watu wa juu nao wanakula chumvi. Usimfanye shujaa lakini. Alikuwa mtu wa mzaha aliyependa barabara, na kwa kuwa alizijua kona zote, alidhani kona nazo zinamjua. Siku ile magari yalipigwa risasi kule juu, likiwemo lake. Walimleta mchana, tukamzika kabla ya magharibi. Ilibidi tuharakishe, kwa sababu ya kuvre-fe: jua likishazama hakuna aliyeruhusiwa kuonekana njiani, hata awe anatoka makaburini.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Hukulia. Ulichota maji, ukafagia, ukapokea wageni viatu vyao mlangoni, na wanawake wote waliokuja kunipa pole walikusifu. Wiki zikapita, ukawa unajibu kwa kichwa tu, ndiyo au apana. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda, na huzuni yangu ilikuwa imenijaa mpaka sikuwa na nafasi ya kuiona ya kwako. Nilikuona umenyamaza, nikasema mwanangu ana adabu. Nimefanya makosa mengi katika kukulea, lakini hilo ndilo linalonirudia mara kwa mara, kwamba nilikaa nyumba moja na mtoto aliyekuwa anazama, nikamsifu kwa utulivu wake.

Aliyekuona ni Sylvestre.

Wewe unamjua kama mwalimu wako wa fizikia, mtu mwenye nyumba yake na miwani yake. Mimi nilimjua akiwa kijana mwembamba aliyesimama kando ya barabara ya kutoka Cibitoke, godoro kichwani, nyuma yake mtaa unatoa moshi. Baba yako alisimamisha lori, akamwambia apande. Hakumuuliza ni nani wala wa wapi. Alipofika nyumbani akaniambia ana mgeni wa siku mbili tatu, akampa kile chumba cha nyuma tulichokuwa tunawekea magunia. Siku mbili tatu zile zikawa miaka. Sylvestre alikuwa na suruali moja. Akiifua, alikaa chumbani amejifunga kikwembe changu mpaka ikauke. Hakujua hata kuwasha mbabura, alipuliza makaa mpaka macho yakamwiva. Nilimwambia baba yako, "Huyu mwalimu wako, mi naona atatufia humu kwa njaa."

Baba yako alicheka, akasema, "We mupe chakula, yeye atatupa hesabu."

Umeme ulikuwa haupo siku nyingi kuliko ulivyokuwapo. Ikifika saa moja jioni mji mzima unazama gizani, hakuna gari, hakuna redio ya jirani, mbwa tu. Sylvestre alikuwa akitoa kiti chake uani, anakigeuza kuelekea kaskazini, anakaa. Kaskazini ndiko kuliko Cibitoke, na ndiko tulikokuwa tunaona zile risasi nyekundu zikipanda juu moja baada ya nyingine. Nilidhani anaiangalia nyumba yake iliyoungua. Nilimhurumia. Kumbe alikuwa anaangalia juu zaidi ya hapo.

Jioni moja ulitoka ukakaa chini, karibu na kiti chake. Hakukuuliza kitu. Nadhani ndiyo sababu ulikaa, maana watu wote tulikuwa tunakuuliza. Baada ya muda akakuonyesha nyota moja, ya wastani, wala si ile ambayo mtu angeichagua. Akakuambia usiiamini, uiangalie kila jioni. Akakuambia pia kwamba Waarabu wa zamani waliiita kichwa cha ghul. Ukaja mpaka dirishani kwangu, ukauliza, "Mama, ghul ni zimwi?"

Nikasema ndiyo, ni zimwi, kalale. Nilikuwa nimeshageuka upande wa ukuta ndipo nikatambua kwamba umeniuliza kitu. Hukuwa umeniuliza kitu tangu mazishi.

Kuanzia hapo ukawa hukosi. Sylvestre alikuonyesha nyota mbili za jirani, moja kubwa na moja ndogo, ili kila jioni uilinganishe ile ya katikati na hizo. Mkawa mnachora kwa kaa ukutani mwa jiko, alama juu ikiwa imewaka, alama chini ikiwa imefifia. Ule ukuta baba yako alikuwa ameupaka chokaa muda mfupi kabla hajafa. Nilipouona una madoa meusi kuanzia mlangoni mpaka kona, nilipiga kelele, mimi mwanamke wa eda ambaye sikupaswa hata kusikika uani. Sylvestre aliona aibu, akachukua kitambaa cha maji. Wewe ukasimama mbele ya ukuta, mikono umeitanua.

"Apana," ulisema. "Musifute. Bado sijajua."

Sylvestre alishusha kitambaa, akaniangalia. Mimi nilifunga dirisha. Nilikaa kitandani nikasema neno lako lile moyoni mara nyingi, bado sijajua, bado sijajua. Sijawahi kusikia mtu akilisema kwa nguvu kama ile. Watu wa mji huu wakati ule kila mmoja alikuwa anajua. Anajua nani mbaya, nani alianza, nani afukuzwe. Mtoto wangu alikuwa amesimama mbele ya ukuta mchafu, anaomba muda kwa sababu hajajua.

Halafu mvua zikafunga mbingu, mkakaa mnangoja. Ukaja ule ukavu mfupi wa Januari, usiku ukawa safi. Ndipo ulipokuja tena dirishani.

"Mama, kesho kutwa, tukimaliza kusali isha, ile nyota itakuwa imefifia. Utoke uone."

Nilikuuliza kama mwalimu ndiye amekuambia. Ukasema hapana, mwalimu amesahau hesabu yake na vitabu vyake viliungua, mmeitafuta wenyewe. Ukanieleza kwamba inafifia kila baada ya siku tatu kasoro saa chache, ndiyo maana saa inasogea nyuma, na mara nyingine inafifia mchana watu hawaioni. Sikuelewa hata nusu. Nilichosikia ni kesho kutwa. Zaina, katika mji huu, mwaka ule, hakukuwa na mtu mzima aliyesema kesho kutwa. Tulisema inshallah, na tulilisema kwa mwili mzima. Mtu alitoka kununua mkate hajui kama atarudi nao. Na wewe ukanipa siku, ukanipa na saa.

Kesho kutwa ikafika. Nikasali isha, nikajitanda, nikatoka uani. Tangu tumzike baba yako sikuwa nimekaa chini ya mbingu. Kulikuwa na milio ya mbali upande wa Kinama, jirani alikuwa anambembeleza mtoto wake anyamaze. Ulinishika kidevu ukakigeuza, kama mimi nilivyokuwa nakugeuza wewe nikikusuka, ukasema, "Zile mbili ni jirani zake. Jana ilikuwa sawa na ile kubwa."

Ilikuwa imekuwa kama ile ndogo.

Niliiangalia nikafumba macho, nikayafumbua, nikaiangalia tena. Sylvestre alikuwa amesimama nyuma yetu, nikamuuliza imekuwaje. Akaniambia si nyota moja, ni mbili, zinazungukana. Moja inang'aa, nyingine hafifu. Ile hafifu ikipita mbele ya mwenzake, inamziba. Akasema huo mwanga tunaouona uliondoka huko kabla mama yangu mzazi hajazaliwa, ulikuwa njiani muda wote huo, na ndio unatua sasa hapa Buyenzi, kwenye uwanja wetu. Nilisema subhanallah. Tukakaa watatu. Kabla hatujaingia kulala ilikuwa imeanza kurudi, polepole, kama mtu anayefungua mlango bila kutaka kuwaamsha waliolala.

Nilijiona mdogo usiku ule, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze udogo huo haukuniuma. Huku chini kila kitu kilikuwa kimeharibika, na huko juu kuna vitu viwili vinatimiza ahadi, na anayejua ahadi yenyewe ni mtoto wangu.

Ndipo ulipolia. Uliweka kichwa mapajani mwangu ukalia mpaka kanga ikalowa. Nilidhani ni furaha ya nyota. Ulipopata pumzi ulisema, "Baba angeipenda." Basi.

Sikupaka chokaa ukuta ule mpaka ulipomaliza shule.

Sasa nije kwenye mwaka jana, maana huko ndiko nilikokukosea tena, na unalijua kosa lenyewe, ila hujui lilivyokuwa kwa ndani.

Ulikuja na habari kwamba umepata nafasi Afrika ya Kusini, ya kusomea nyota zinazotoa mionzi ya gama, nyota pacha, na kwamba utafundishwa kupima mzunguko wake na uzito wake. Sylvestre alikuwa ameshahamia tena Cibitoke, amejenga upya palepale palipoungua, na siku hiyo alikuja na mkewe, wamevaa kama wanakuja kuposa. Wote mlikuwa mnanitazama. Mimi nikasema hapana.

Nilisema mionzi inakula watu. Nani angenibishia? Ndiyo kazi yangu. Miaka yote hii nimesimama kwenye chumba cha radio hospitalini, napiga watu picha za mifupa, nimevaa aproni nzito ya risasi. Nimewahi kuwaza jinsi lugha yetu ilivyokuwa bahili hapo, kwamba risasi inayonikinga mimi na risasi ninayoitafuta ndani ya mgonjwa ni neno hilohilo moja. Wewe ulicheka ukasema, "Mama, iko mbali." Nikajibu kwamba na Afrika ya Kusini iko mbali vilevile.

Sikuwa naogopa mionzi. Nilikuwa naogopa uwanja wa ndege. Mtu wangu mmoja aliondoka asubuhi, akanipungia mkono, akaniambia niweke viazi motoni mapema. Sikutaka mwingine anipungie mkono. Lakini mtu hawezi kumwambia mtoto wake maneno kama hayo, basi akasema habari za mionzi.

Siku zile tuliishi vibaya. Ulinisalimia, nikaitikia, tukaishia hapo. Jibu lako lilikuwa linasubiriwa kule.

Halafu ukaja kazini mchana na chakula changu. Nilikuwa nimemaliza kumpiga picha mama mmoja muuza ndizi, risasi ilipitia ukutani ikamkuta amekaa kwake. Picha zake mbili zilikuwa bado zimening'inia kwenye sanduku la mwanga, mbichi, zinachuruzika. Uliweka bakuli, ukasogea. Ulisimama mbele yake, mikono umeikunja. Mimi nikadhani unaogopa.

"Mama," ulisema, "ungekuwa na hii ya mbele peke yake, ungesema nini?"

Nikakuambia ningesema risasi iko ndani ya moyo. Ndivyo inavyoonekana, doa jeupe katikati ya kivuli cha moyo.

"Na hii ya ubavuni?"

"Ya ubavuni inaonyesha iko nyuma kabisa, kwenye nyama ya mgongo. Haikugusa moyo. Huyu ataishi."

Ulitingisha kichwa. Ukasema, "Mi naenda kufanya kazi na ile ya mbele tu. Ya ubavuni hakuna mutu anaweza kuipiga. Nyota iko mbali, hatuwezi kuzunguka tukasimama upande wake."

Nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Ukanieleza, na nitakuandikia nilivyoelewa, ili ukiona nimekosea unirekebishe. Kwamba kuna nyota kubwa ya bluu, nzito kuliko jua letu mara nyingi. Pembeni yake kuna kitu kidogo kisichoonekana kwa darubini yoyote. Kinaizunguka kwa muda wa siku nne hivi, kwa kasi inayotisha. Nyota ya bluu nayo inayumba, kwa kuwa inavutwa, na rangi za mwanga wake zina mistari myeusi inayosogea huku na huku kadiri inavyokuja kwetu na kwenda, kama king'ora cha ambulansi kinavyokuwa chembamba kikija na kizito kikishapita. Hapo nilikuelewa haraka, maana king'ora kile nimekisikia miaka kumi na mbili. Kwa kuyumba huko tu mnajua kuna mwenzake, na mnaweza kukisia uzito wake. Lakini kuyumba mnakokuona ni kule kwa kuja na kwenda tu. Kwa kulia na kushoto hamkuoni. Mzunguko ukiwa umelala hivi, yule asiyeonekana ana uzito mmoja. Ukiwa umeinama vile, ana uzito mwingine mkubwa zaidi. Anaweza kuwa nyota iliyokufa ikajikunja, nzito kuliko jua lakini upana wake hauzidi kutoka uwanja wa ndege mpaka Ruziba kwa bibi yako. Au anaweza kuwa shimo jeusi. Picha ni moja, na majibu ni mawili.

Nikakuuliza, "Sasa utaenda kote huko kwa kitu ambacho hakina jibu?"

"Kina nusu ya jibu," ulisema. "Tunaweza kusema uzito wake hauwezi kuwa chini ya hapa. Hiyo ni hakika. Halafu tunabana polepole. Ile mionzi yenyewe inapanda na kushuka kila inapozunguka, na pengine ndiyo itatuambia imeinama namna gani."

Kisha ukaniambia jambo lililonifanya nisahau bakuli. Kwamba chembe moja ya mwanga wa gama kutoka kwenye jozi ile ina nguvu kuliko ya mashine yangu mamilioni ya mara. Na kwamba haitufikii. Hewa ya dunia inaizuia kule juu, inavunjika, na kuvunjika kwake kunatoa mwako wa bluu mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na kule Namibia, kwenye uwanda mkavu, watu wamejenga vioo vikubwa vya kuudaka mwako huo. Nikainua macho nikaangalia dari ya chumba changu kana kwamba ningeona kitu. Nimevaa aproni miaka yote kuzuia mionzi ya boksi moja, na juu ya vichwa vyetu sote, juu ya soko, juu ya kambi, juu ya yule mama muuza ndizi na aliyempiga risasi, kuna kinga iliyotandikwa ambayo hakuna aliyeiomba.

Nilikuambia tule, ndizi zinapoa. Jioni uliporudi nyumbani nikakuambia nenda, na wewe hukuuliza kilichonibadilisha. Ni hicho. Nilimwona tena yule aliyesimama mbele ya ukuta. Nikaona kwamba nilikuwa nimechukua kitambaa cha maji mkononi.

Kuna kitu kimoja nilichojifunza kutoka kwenye ile nusu ya jibu, nacho nimeanza kukitumia kazini. Zamani daktari akiniuliza, nilitaka nijibu yote au ninyamaze. Siku hizi nasema ninachokijua kimefika wapi. Mfupa huu umevunjika, hiyo ni hakika. Kama kuna kingine, picha hii haionyeshi. Ni raha kubwa, Zaina, sikuitegemea katika umri huu. Huko uendako watakuuliza habari za kwetu. Watakuuliza wewe ni nani, wa upande gani, nani aliua nani. Watu wale watakuwa na picha ya mbele tu, tena waliyoiona gazetini. Usiwakasirikie haraka. Waambie unachokijua, wala usikikuze wala usikipunguze ili kuwafurahisha. Waambie kwamba mwalimu wako aliletwa kwenye lori na mtu ambaye hakumuuliza kabila lake. Hiyo ni hakika. Haiwezi kuwa chini ya hapo.

Na ukipata mwenzio huko, maana utapata, mtazame na ubavuni.

Nimalizie na leo, nasikia wamefika kisogoni, karibu wanakumaliza.

Tulipokwenda Ruziba mchana kumuaga bibi yako, nilijua itakuwa vigumu. Mama yake Rajabu hajui kusoma, na tangu mwanawe afe haulizi habari za watu wanaoondoka. Tulimkuta nyuma ya nyumba, kando ya ziwa, anapaa samaki wa mukeke, ukachukua kisu ukamsaidia. Alikuuliza unakwenda kufanya nini. Nilidhani utamwambia kusoma tu, kama tunavyowaambia wazee. Wewe ulimweleza. Ulimweleza kuhusu ile ya bluu na ile isiyoonekana, kwa Kiswahili chetu na Kirundi kidogo, na yeye alisikiliza huku magamba yanamrukia mikononi.

Akauliza, "Hiyo isiyoonekana, ilikufa na nini?"

Mimi sikuwa nimewahi kukuuliza hilo. Ukamwambia ililipuka. Ilikuwa nyota kubwa kama mwenzake, pengine kubwa zaidi, ikaisha moto wa ndani, ikalipuka, na kilichobaki ni kile kidogo.

Bibi aliacha kupaa. "Na mwenzake alikuwa pale pale karibu?"

"Pale pale, bibi."

"Hakutupwa?"

Ulifuta mkono kwenye nguo, ukatafuta maneno. Ulisema mara nyingi hutupwa. Moja ikilipuka ikimwaga zaidi ya nusu ya uzito wote wa jozi, kamba inayowashikilia inalegea, kila mmoja anashika njia yake na hawaonani tena. Lakini hizi hazikuachana. Ule mlipuko ulizisukuma zote mbili kwa pamoja, na mpaka leo zinakimbia angani kutoka pale zilipozaliwa, zinakimbia huku zinazungukana.

Nilikuwa nimesimama nyuma yenu nimeshika beseni. Sikuthubutu kuliweka chini, nisije nikapiga kelele nalo. Bibi alikuwa anatazama ziwa, lakini sidhani kama alikuwa analiona. Nikaogopa kwamba umemuumiza.

Halafu akauliza, sauti ndogo, "Kwa nini hizo hazikuachana?"

"Bado hatujajua, bibi," ulimwambia. "Ukijua uzito wa kila moja, na ukijua njia zinayozungukia, unaweza kurudi nyuma ukajua siku ile ilipoteza kiasi gani, na ilibakiza kiasi gani. Ndiyo naenda kupima."

Bibi alinawa mikono yake kwenye beseni nililolishika. Alinawa taratibu, kidole kwa kidole. Akakushika uso kwa mikono ile ile yenye harufu ya samaki, akakuombea dua, ndefu, na safari hii hakulitaja jina la baba yako kwa kulia. Alilitaja tu, kama jina la mtu.

Nenda, Zaina. Nenda ukapime. Ukipata jibu mwandikie bibi yako kwanza, mimi nitamsomea.

Mama yako